Sura ya Nne: Moto wa Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba mji wa Maua hauna asubuhi. Giza likiondoka ukungu unashuka kutoka milima ya Nyambene, na ukishashuka huoni miti ya miraa ya jirani, sembuse mnara wa simu. Manyunyu huanguka siku nzima bila haraka. Sare za shule huanikwa Jumamosi na kuvaliwa Jumatatu zingali na unyevu kwenye kola. Magari yanayokwenda Meru, mwendo wa kilomita 50 hivi, huwasha taa hadi saa nne. Wageni hushangaa, maana ukiteremka upande wa mashariki hadi mbuga ya Meru, siku iyo hiyo utakuta watu wanatafuta kivuli.

Huu ndio msimu ninaoupenda kuliko yote. Wengi husifu Desemba, lakini Desemba ni mwezi wa stendi na matumizi; mtu anarudi nyumbani ili apate pa kutokea tena. Julai na Agosti ni miezi ya kukaa. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za Machi yameshika punje lakini hayajakauka, kwa hiyo githeri inaiva upesi na ina utamu ambao mahindi ya gunia hayawezi kuwa nao. Maharagwe mapya yako ndani. Parachichi za mwisho zinaanguka zenyewe. Makadamia zilizobaki baada ya broka kuchagua zinaachiwa watoto, nao huzipasua kwa jiwe mlangoni, kila punje tatu kidole kimoja. Ikifika Agosti shule zinafungwa, na saa kumi na mbili jioni kila mtu yuko ndani bila kuitwa.

Sasa ongeza mtu mmoja kwenye nyumba hiyo: mama mwenye mimba ya miezi minane. Nimewahi kuwa mtu huyo. Ukiutazama msimu huu kwa macho yake, utaona kila raha ina mdai wake. Moto una moshi. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Chumba kilichofungwa vizuri kinakosa hewa. Pesa nzuri ya miraa inamtoa baba kitandani usiku wa manane. Wapo washauri watakaomwambia aachane na vyote hivyo, ajifungie chumbani na redio. Mimi sikubaliani nao. Mwanamke hawezi kungoja mtoto wiki zote hizo akiwa peke yake upande wa pili wa ukuta, akisikia wenzake wakicheka jikoni. Raha hizi hazihitaji kufutwa. Zinahitaji kusogezwa: hatua mbili, saa moja, ukuta mmoja.

Nianze na moto, kwa sababu ndiko tunakokaa.

Jiko letu la kuni liko nje ya nyumba kubwa, kama ilivyo katika maboma mengi ya Igembe. Kuta ni za mbao, mabati yamekuwa meusi kwa ndani, katikati kuna mafiga matatu, na juu yake kuna dari ya fito inayowekwa kuni zikauke. Humo ndimo habari zote husemwa. Anayetaka kukopa, anayetaka kuposa, anayetaka kusamehewa, wote huingilia mlango ule. Baridi ikizidi, watu husogea motoni, na mlango hufungwa ili joto lisitoke. Moshi nao hautoki.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majikoni na hewa chafu ya majumbani vilihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa mwenye mimba shida ina njia yake maalumu. Moshi wa kuni una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, tena kwa nguvu zaidi. Damu ya mama ikipungukiwa oksijeni, ya mtoto inapungukiwa pia. Ndiyo maana watafiti wa nchi nyingi wamekuwa wakiuhusisha moshi huu na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo, na hata wanaozaliwa wakiwa wamekufa. Nyanya zetu hawakuwa na takwimu hizo, lakini walijua macho yao yalivyo.

Mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi, siku ya kwanza aliangalia kuni zetu kabla ya kuniangalia mimi. Alichukua kipande kimoja cha mti wa mukima, akakigonga kwenye kingine, akasikiliza. Kuni kavu hulia. Mbichi hutoa sauti butu kama ya gunia. Zetu zilikuwa butu. Alizitenga zote, akapanda juu ya kigoda na kuanza kuteremsha za darini, zile za mwaka uliopita. Alizipasua nyembamba kuliko nilivyozoea, akaweka tatu tu chini ya sufuria, vichwa vimekutana na mikia imetawanyika. Kila moto ulipozidi, alivuta kipande kimoja nyuma badala ya kuumwagia maji. Moshi ulitoka mwembamba, ukapanda wima, ukapita kwenye upenyo wa mabati. Kuni mbichi, alinieleza, hupika maji yake kwanza ndipo zipike chakula chako, na maji hayo ndiyo unayoyalia.

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, toka hapo. Hapo ndipo njia ya moshi."

"Mama, kule mlangoni kuna baridi."

"Baridi utaifungia shuka. Moshi utaufungia nini?"

Basi kigoda changu kikahamia mlangoni, upande unaotoka upepo, na mlango ukaachwa wazi nusu. Watoto walilalamika siku mbili hivi, wakazoea. Githeri iliendelea kupikwa kwenye mafiga, kwa sababu ukithubutu kuichemsha kwa gesi, mtungi wa kilo 6 utakuaga kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini chai, uji na mayai vilihamia ndani ya nyumba kubwa, kwenye meko ya gesi. Gesi ya kupikia iliondolewa kodi ya VAT mwaka 2023, na kwa nyumba yenye mwenye mimba mtungi ule si anasa. Wengine wameweka jiko la udongo la Maendeleo, lililoenezwa vijijini tangu miaka ya 1980. Linapunguza kuni, na moshi pia kiasi. Ila nimeona watu wakilinunua, wakaliwasha kwa kuni mbichi ndani ya chumba kisicho na dirisha, kisha wakalaumu jiko.

Chai ni kesi ngumu zaidi, kwa sababu hapa ni kwao. Kiegoi, Igembe na Michimikuru kuna viwanda vya chai, na baridi ya Julai inayopunguza majani shambani haipunguzi vikombe nyumbani. Kikombe cha kwanza saa kumi na moja alfajiri, cha mwisho kabla ya kulala, na katikati kila anayebisha hodi huongezewa maji na maziwa kwenye sufuria. Huku kliniki mwenye mimba hupewa vidonge vya kumeza kila siku, vyenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki asidi. Vidonge hivyo hutia wengi kichefuchefu, kwa hiyo wanavishushia kwa kitu kitamu na cha moto. Yaani chai. Tanini ya chai hushika kile chuma tumboni, ikapita nacho moja kwa moja, na mama anarudi kliniki kuambiwa damu bado iko chini ilhali hajaruka kidonge hata siku moja.

Hakuna haja ya kumnyima mke wa mkulima wa chai kikombe chake. Kidonge kimezwe kwa maji, pamoja na chungwa au pera, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kuingia. Chai isubiri saa moja au mbili. Nyumbani kwetu vidonge vilihamia usiku, baada ya chakula, na kile kikombe cha mwisho cha siku kikawa uji wa wimbi. Mama mkwe alisema hilo ndilo jambo la pekee la maana ambalo kliniki imewahi kumfundisha mtu wa ukoo wetu.

Kuhusu chumba cha kulala nitasema kwa ukali. Kila msimu wa baridi magazeti ya Kenya huandika habari za familia zilizoingiza jiko la makaa chumbani na hazikuamka. Ni gesi ileile ya kaboni monoksaidi, na ya makaa ni mbaya zaidi kwa kuwa haina moshi wa kukuonya wala harufu. Mtu huhisi usingizi mzito tu. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kuaminika. Hapa hakuna cha kusogeza: jiko la makaa lisiingie chumbani, basi. Weka blanketi zaidi, soksi, mpira wa maji moto uliofungwa kwa leso, na mtoto wa pili alale na wa kwanza wapashane joto. Mama mwenyewe, kuanzia wiki ya 28, alale ubavu na si chali, maana chali uzito wa tumbo hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Na baba yuko wapi wakati huu wote? Yuko juu ya mti.

Asiyejua miraa atadhani ni zao kama mengine, unavuna ukipenda. Lakini dawa iliyomo kwenye kichipukizi, kathinoni, huanza kupungua mara kinapokatwa, na baada ya siku mbili hivi mnunuzi anatafuna majani tu. Ndiyo sababu mzigo hukatwa alfajiri, hufungwa kwa majani ya mgomba usipoteze unyevu, na magari yale ya Hilux hukimbia kuelekea Nairobi kwa mwendo ambao sisi wa hapa tumeacha kuutazama. Baridi inapokaza vichipukizi hutoka polepole, mzigo unapungua, na bei inapanda. Kwa hiyo miezi ambayo familia ina hamu zaidi ya kukaa pamoja ndiyo miezi ambayo mkulima hathubutu kulala.

Tumeyaona pia yaliyo kinyume. Uholanzi ilipiga miraa marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, na Machi 2020 Somalia ikafunga mlango wake hadi Julai 2022. Wakati huo akina baba wa Maua walishinda nyumbani asubuhi hadi jioni, na sikusikia mke hata mmoja akisema anafurahia. Mwanaume asiye na kitu mfukoni hukaa karibu na moto akiwa mbali sana.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo yenye malipo, na baba wiki mbili. Anayekata miraa yake mwenyewe hana wa kumwandikia barua. Anachoweza kufanya ni kukodisha sehemu ya shamba kwa broka kwa wiki zile za mwisho, au kumwachia ndugu azunguke nayo kwa makubaliano ya kugawana. Bei atakayopata itakuwa chini, sikatai. Mume wangu alinung'unika hivyo hivyo. Lakini mzigo ukishaondoka mchana, alasiri inabaki bure, na alasiri ya Agosti yenye ukungu ndiyo nyumba yenyewe. Watoto walimfundisha vitendawili vya shuleni, yeye akawashinda kwa vya babu yake. Jambo moja la kando: mwenye mimba asitafune. Tafiti za Yemen tangu miaka ya 1980 zimehusisha kutafuna miraa na watoto wenye uzito mdogo, na kila anayetafuna anajua njaa hupotea, ilhali mwanamke huyu ana kinywa cha pili cha kulisha.

Pesa ya baridi ina kazi nyingine ya kufanya kabla ya kuwa mabati au pikipiki. Tangu Oktoba 1, 2024 bima ya NHIF ilipopisha bima mpya ya SHA, mpango wa Linda Mama wa kujifungua bila malipo tuliouzoea nao ukabadilika. SHA hulipia shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, mradi umejiandikisha na kulipa. Asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na mdogo kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Ni mwezi gani wa kulipa kama si huu, miraa ikiwa na bei? Mjini tuna bahati: hospitali ya Methodist ipo tangu mwaka 1928, na ile ya serikali ya Nyambene haiko mbali. Wa Laare na Mutuati wana safari. Usiku wa ukungu boda boda haoni mita kumi mbele, kwa hiyo mwenye gari azungumziwe mapema na namba yake iandikwe kwenye kijitabu cha kliniki. Kuvimba uso, kichwa kinachogonga vibaya, kutokwa damu, mtoto kupunguza kucheza: hayo hayangoji ukungu uondoke.

Jikoni, mazungumzo makubwa ya Agosti yalikuwa mawili. La kwanza ni jina. Wifi yangu alitaka akizaliwa msichana aitwe Kambura, yaani wa mvua, kwa ajili ya manyunyu yale. Mama mkwe alikataa katakata: manyunyu si mvua, na mtoto asibebeshwe uongo angali mchanga. La pili lilikuwa la kumwogesha, na hapo ndipo sauti zilipopanda.

Mtoto anayezaliwa katika baridi ya Nyambene ametoka kwenye joto la nyuzi 37 akiwa amelowa. Hana uwezo wa kutetemeka kama sisi ili apate joto; hutumia mafuta maalumu aliyokuja nayo mgongoni na mabegani, na akiba hiyo ni ndogo, zaidi kwa aliyezaliwa kabla ya wakati. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri akaushwe mara moja, awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, avalishwe kofia, na kuoga kungoje saa 24.

"Siku nzima?" mama mkwe akauliza. "Na wageni wakija wamwone hivyo?"

"Mama, daktari amesema yale mafuta meupe ya ngozini ni kinga yake."

"Mume wako nilimwosha kabla jogoo hajawika."

"Na mpaka leo hapendi maji," wifi akadakia, na hapo hata mama mkwe akashindwa kuzuia kicheko. Hakukubali waziwazi. Ila kesho yake nilimkuta akifuma kofia ya sufu ya kijani, na alipomaliza akaanza nyingine, kwa kuwa, alisema, moja itakuwa kwenye kamba ikingoja jua la Maua.

Hesabu ya vyakula alikuwa ameshaifanya. Njahi debe moja, kwa ajili ya maziwa. Ndizi za kupika kutoka kwa dada yake. Unga wa wimbi uliosagwa sasa kabla foleni ya kinu haijawa ndefu. Supu ya miguu ya ng'ombe wiki ya kwanza. Akina mama watakaokuja kuona mtoto huleta uji kwenye chupa, sukari, sabuni, leso, na wale wenye busara huleta mzigo wa kuni. Aliwatumia ujumbe mapema kupitia kanisani: za mwaka huu ziwe kavu, na yeye atazigonga.

Lililobaki ni shamba. Mvua za Oktoba hadi Desemba redio huziita fupi, lakini upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya ndizo tunazozitegemea zaidi, na maharagwe yakichelewa wiki mbili yamechelewa kabisa. Mtoto akizaliwa mwisho wa Agosti, mvua itamkuta na wiki sita, wiki ileile ya chanjo, na mama yake hafai kuinama na jembe kutwa nzima. Wifi alijitolea kulima ile robo ekari ya mtoni kwa kugawana nusu kwa nusu. Nilikubali palepale. Ndipo akasema mbegu ninunue mimi, tena Agosti hii kabla bei haijapanda. Nikamwambia basi tugawane baada ya kutoa mbegu. Akamtazama mama yake. Mama yake akavuta kuni moja nyuma, akasema mbegu atatoa yeye, lakini maharagwe ya kwanza mabichi yataenda kwake, na hilo halina nusu.